Subaru na Ekzosi Yake: Nguvu, Mlio na Pesa Kidogo

Ekzosi ya gari hufanya kazi nne kwa mpigo: hutoa moshi wa injini, hupunguza kelele, husafisha sumu iliyomo katika moshi huo, na huupeleka mbali na pua za abiria. Mwenye gari la kasi anapoamua kuibadili, aghalabu hutafuta vitu viwili tu, nguvu na mlio. Vitu hivyo havikai sehemu moja ya bomba, wala bei yake si moja. Mlio hupatikana nyuma, karibu na bampa, kwa gharama ndogo. Nguvu hupatikana mbele, karibu na injini, tena hudai pesa zaidi na kompyuta ya injini kupangwa upya. Wengi hulipia mlio wakiamini wamenunua nguvu.

Mfano ulio karibu na madereva wa Nairobi, Arusha au Kampala ni Subaru Impreza WRX. Gari hili lilitoka Japani mwaka 1992, na jina la Impreza likakolea katika eneo hili kwa sababu ya Safari Rally, aliyoishinda Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza. Magari mengi ya aina hii yaliyopo barabarani yaliingia yakiwa yametumika Japani, na baadhi yalifika yakiwa tayari yamebadilishwa bomba na mmiliki wa kwanza.

Ngurumo ya Subaru ina chanzo kinachojulikana. Injini ya EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na moshi wa pande zote mbili lazima ukutane mahali pamoja kabla ya kupanda kwenye turbo. Katika WRX nyingi za zamani mikono ya manifoldi haina urefu sawa, kwa hiyo mapigo ya moshi hufika kwenye makutano kwa vipindi visivyolingana, na sikio husikia ile sauti ya kukatika-katika. WRX STi za soko la Japani za miaka ya 2000 zilipopewa turbo ya njia mbili na manifoldi yenye mikono iliyolingana, turbo iliamka mapema zaidi lakini ngurumo ikatoweka. Anayenunua manifoldi ya mikono sawa kwa kuwa ameambiwa inaongeza nguvu huwa amelipa ili auondoe mlio uleule uliomfanya alipende gari.

Ili kujua pesa ziende wapi, yafaa kwanza kufuata safari ya moshi. Valvu ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa. Wakati huo ndani ya silinda bado kuna shinikizo linalozidi la nje mara kadhaa, hivyo moshi hufumuka kwa kishindo. Kishindo hicho husafiri bombani kama wimbi, kwa kasi ya mita 500 hadi 600 hivi kwa sekunde kwa sababu gesi ni ya moto sana, upesi kuliko moshi wenyewe unavyotiririka. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka ghafla au linapoishia, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa imegeuka kuwa mvuto. Mvuto huo ukiifikia valvu wakati ile ya kuingiza hewa nayo imeanza kufunguka, hufyonza mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya. Urefu wa mikono ya manifoldi ndio unaoamua jambo hilo litokee injini ikiwa na mizunguko mingapi kwa dakika, na hakuna urefu unaofaa mizunguko yote.

Ndipo ulipozaliwa usemi wa gereji kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo kwa nyuma. Injini haihitaji kubanwa. Inachohitaji ni moshi kwenda kasi ili mawimbi yake yasipoteze nguvu, na bomba likiwa pana kupita kiasi moshi hupunguza mwendo na kupoa njiani. Gari lisilo na turbo likivalishwa bomba la namna hiyo hulegea kwenye mizunguko ya chini, yaani pale dereva wa mjini anapoishi. Fundi akiona hivyo husema gari "limekosa kubanwa", ingawa kilichopotea ni kasi ya moshi. Dalili ameiona sawasawa. Sababu ndiyo aliyoikosea.

Upana wa bomba huonekana mdogo ukitajwa kwa kipenyo na mkubwa ukitajwa kwa eneo. Bomba la milimita 51 lina njia ya takriban sentimita 20 za mraba; la milimita 63 lina 31; la milimita 76 lina 45. Kutoka la kwanza hadi la pili, ongezeko la sentimita moja na ushee tu, njia hupanuka kwa zaidi ya nusu. Kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo yenye nguvu za farasi zisizozidi 200, milimita 57 hadi 63 zinatosha kabisa. WRX yenye turbo na nguvu za farasi 250 hadi 300 ndiyo inayonufaika na milimita 76. Zaidi ya hapo mwenye gari hununua uzito, kelele na bomba linalogonga kila tuta.

Turbo hubadilisha hesabu yote. Gurudumu lake huzungushwa na tofauti ya shinikizo kati ya moshi unaoingia na ule unaotoka, kwa hiyo kila kizuizi kilichopo baada ya turbo huichelewesha kuamka. Mawimbi yaliyokuwa ya thamani ndani ya manifoldi huwa yamekwisha kuvunjwavunjwa na gurudumu, na baada ya hapo njia pana haina hasara kubwa. Ndiyo maana bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, ambalo vijana wa Subaru huliita daunpaipu, ndilo kipande chenye faida kubwa kuliko vyote kwa pesa inayotumika. Lile la kiwandani ni jembamba, hupinda kwa ukali mara tu linapotoka kwenye turbo, na hubeba katalitiki konvata. Kulipanua, kulainisha kona ya kwanza, na kuweka katalitiki ya matundu makubwa zaidi kunaweza kuongeza nguvu za farasi 20 au zaidi kwa WRX, mradi kompyuta ipangwe kuyafuata mabadiliko hayo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalorukwa na wenye bajeti ndogo, na ndilo ghali zaidi kuliruka. Turbo hujizuia isizidi shinikizo lililopangwa kwa kufungua kijilango kinachoupitisha moshi pembeni ya gurudumu. Bomba likifunguka sana, kijilango kidogo cha kiwandani huweza kushindwa kupitisha moshi wa kutosha, shinikizo la hewa likapanda lenyewe mizunguko inapoongezeka, na mchanganyiko ukapungukiwa petroli. Injini ikianza kugonga katika hali hiyo, pistoni za EJ20 hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Dereva huona moshi wa buluu na gari linalokunywa oili, kisha huambiwa injini ni ya kufunguliwa. Asiye na pesa za kupanga kompyuta ni heri asiguse daunpaipu kabisa. Ashughulike na sehemu ya nyuma, ambako kosa haliui injini.

Bomba linalopanda kutoka kwenye manifoldi kwenda kwenye turbo ni jambo la kipekee. Katika baadhi ya WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000, Subaru iliweka katalitiki ndogo ndani yake ili moshi uanze kusafishwa mapema injini ikiwa baridi. Katalitiki hiyo ikizeeka huweza kuvunjika, na vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye gurudumu la turbo. Kuibadilisha kwa bomba tupu hakuleti nguvu ya kujivunia, lakini kunaondoa hatari, na kwa gari lililotembea sana ni matumizi ya busara kuliko mafla yoyote inayong'aa.

Magari yasiyo na turbo yana somo tofauti. Toyota GT86 na mwenzake Subaru BRZ, yaliyoingia sokoni mwaka 2012 na injini ya lita 2 ya nguvu za farasi 200, yalilalamikiwa kwa bonde la nguvu linalojitokeza kati ya mizunguko 3,000 na 4,500 hivi kwa dakika. Kubadilisha mafla hakulisogezi bonde hilo, kwa sababu halikuanzia huko. Manifoldi yenye mikono ya urefu uliochaguliwa vizuri, pamoja na kompyuta iliyopangwa, hulijaza kwa kiasi kikubwa. Lakini katalitiki ya kwanza ya gari hilo imejengwa ndani ya manifoldi yenyewe, na manifoldi nyingi za bei nafuu haziirudishi. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2021, kilipewa lita 2.4, njia rahisi zaidi ya kulifuta tatizo. Kwa gari lisilo na turbo, bomba zima kuanzia katalitiki kwenda nyuma likibadilishwa huleta asilimia chache tu za nguvu, na mara nyingi dereva hazihisi bila dinamomita.

Katalitiki hulaumiwa zaidi ya inavyostahili. Ndani yake kuna mzinga wa vijitundu uliopakwa platini, paladi na rodi, na ikishapata moto, kuanzia nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi hivi, huteketeza zaidi ya asilimia 90 ya sumu kuu tatu za moshi wa petroli, mradi kila kilo ya petroli iungue na takriban kilo 14.7 za hewa. Ikiwa nzima haibani injini kwa kiasi cha kuogopesha. Inayobana ni ile iliyoziba au kuyeyuka, na hiyo kwa kawaida ni dalili ya ugonjwa mwingine: plagi isiyochoma, injekta inayovuja, au injini inayokula oili. Katika Afrika kusini mwa Sahara, petroli yenye risasi iliondolewa kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi huua katalitiki, kwa hiyo gari lililokuwa likitembea hapa kabla ya hapo huenda lina katalitiki iliyokufa zamani, inayobeba uzito bila kazi.

Kuikata na kuweka bomba tupu ni njia nafuu na ya kawaida, tena wapo wanaokata hata isiyo na kosa kwa sababu metali zake huuzika. Matokeo hujulikana: harufu kali nyuma ya gari, taa ya injini kwenye dashibodi kwa kuwa sensa ya oksijeni ya nyuma haioni tofauti iliyoitarajia, na mlio wenye makali ya bati. Makali hayo hayazungumzwi vya kutosha. Katalitiki ni kipunguza kelele pia. Ikitoka, mafla hubaki na kazi ya wawili. Mwenye bajeti ndogo anayetaka mlio mzito na wa chini hupata matokeo bora kwa kuiacha katalitiki nzima mahali pake kuliko kuiondoa kisha kutafuta mafla ya pili ya kuficha makosa.

Mafla ni za aina mbili kuu. Ya vyumba huugongesha moshi kwenye kuta na mabomba mafupi ili mawimbi yafutane. Ni tulivu, nzito, na hubana. Ya kupita moja kwa moja ina bomba lenye matundu lililozungukwa na pamba ya kioo au ya mawe inayomeza sauti. Haibani, ni nyepesi, na hufaa gari la kasi, ila pamba huungua na kupeperuka miaka inavyopita na mlio huongezeka polepole. Ukubwa wa boksi una uzito kuliko jina lililogongwa juu yake. Mafla ndefu ya jina lisilojulikana, yenye pamba iliyoshindiliwa vizuri, huishinda ile fupi ya jina kubwa iliyoghushiwa, na za kughushi zipo tele.

Adui mkubwa wa mwenye ekzosi mpya ni uvumi, ile sauti nzito inayojaa ndani ya gari kwenye mwendo wa safari mpaka abiria wakaumwa kichwa. Hautokani na ukali wa kelele bali na mrindimo mmoja unaolingana na umbo la bomba na bodi. Injini ya silinda nne huchoma mara mbili kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambayo ni mara 50 kwa sekunde, mapigo huwa 100 kwa sekunde. Dawa yake ya bei nafuu inaweza kuchomelewa na fundi yeyote: tawi la bomba lililofungwa upande mmoja, lenye urefu wa robo ya wimbi. Sauti hupita katika gesi iliyotulia ndani ya tawi kwa takriban mita 400 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mapigo 100 lina urefu wa mita 4, na robo yake ni mita 1. Uvumi ukitokea kwenye mizunguko 2,500, tawi huhitaji mita 1.2 hivi. Wimbi huingia, hugonga mwisho, na hurudi likiwa kinyume cha linalokuja, vikafutana. Tawi halibani moshi hata kidogo kwa kuwa moshi haupiti humo. Joto halisi la tawi huhamisha jibu kidogo, hivyo fundi mwangalifu huliacha refu kwanza, hulijaribu barabarani, kisha hulipunguza.

Namna ya kutengeneza ndiyo inayotenganisha bajeti ndogo na upotevu. Njia ya kwanza ni kununua mfumo mzima mpya kutoka nje, unaokaa bila kukatwa popote. Ni ghali, na usafiri pamoja na ushuru huikuza bei. Njia ya pili ni mtumba wa Japani, mabomba ya HKS, Fujitsubo au GReddy yaliyovuliwa kwenye magari yaliyokatwa, yanayopatikana kwa wauza vipuri wa Grogan jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam. Hapa kuna bahati za kweli, kwa sababu mengi yalitengenezwa kwa stenlesi nzuri. Mnunuzi hutazama kama boksi limetoboka kwenye mshono, hulitikisa kusikia kama limebaki tupu, na hupima umbali wa flanji. Bomba la Impreza la sedani na la wagoni hayalingani daima nyuma. Njia ya tatu ni fundi wa kuchomelea kulijenga kwenye gari lenyewe, nafuu kuliko zote, na ubora wake hutegemea kona na mishono.

Kona ndiyo ya kwanza. Mashine ya kawaida hupinda bomba kwa kulibonyeza, na pale linapopinda njia hufinyika. Bomba la milimita 63 lenye kona nne za namna hiyo huweza kupitisha kama la 51. Kona zilizopindwa na mandreli ndani yake hubaki na upana uleule. Fundi asiye na mashine hiyo hununua kona zilizo tayari na kuziunganisha, kazi ya mishono mingi lakini iliyo sahihi. Chuma cha kawaida huchomelewa kirahisi na hushika kutu. Chuma kilichopakwa alumini hudumu zaidi. Stenlesi ya daraja la 409 huota kutu ya juu juu na huishi miaka. Ya daraja la 304 hukaa safi ila huongezeka urefu zaidi ikipata moto, na ikichomelewa bila gesi ya argoni ndani ya bomba, upande usioonekana huchacha na kuwa na magamba yanayopasuka baadaye. Kwa pesa kidogo, chuma kilichopakwa alumini mbele na mafla ya stenlesi nyuma ni mchanganyiko usio na aibu.

Kutu huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na gari la safari fupi za mjini halipati moto wa kuyakausha. Maji yale hukaa kwenye tumbo la mafla. Tundu la milimita 3 kwenye sehemu yake ya chini kabisa huongeza maisha yake, jambo lenye uzito zaidi Mombasa, Tanga na Unguja ambako chumvi ya hewani hula bomba kwa nje pia. Kitambaa cha kuzuia joto kinachozungushiwa bomba hupunguza joto chini ya boneti, lakini hushika unyevu na kuoza chuma cha kawaida upesi. Kina maana kwenye daunpaipu inayochemka, si kwenye bomba la nyuma.

Injini ya Subaru hutikisika kwenye mpira wake kila gari linapoondoka, kwa hiyo lazima kuwe na kipande kinachonyumbulika kati ya daunpaipu na bomba la kati. Bila hicho nyufa hutokea kwenye mshono ulio dhaifu. Mipira ya kuning'inizia ikichoka bomba hugonga bodi, na mwenye gari hufikiri amenunua mafla mbovu. Bomba lipite juu kuliko mhimili wa chini kabisa wa gari, au liwe bapa mahali penye nafasi finyu, kwa sababu matuta ya barabara za Afrika Mashariki hayasamehi. Mdomo wa bomba lazima upite nyuma ya bampa: moshi una kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na wagoni likiendeshwa na dirisha la nyuma wazi huuvuta ndani.

Mvujo mdogo mbele ya sensa ya oksijeni husumbua kuliko mkubwa nyuma yake. Kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa, sensa huona oksijeni nyingi, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Gari hunywa mafuta, katalitiki huzidiwa, na lawama huenda kwa injekta. Gasketi mpya kwenye kila flanji ni matumizi madogo kuliko yote katika kazi nzima. Daima hayo ndiyo ya kwanza kulipiwa. Gari lenye ekzosi ya kiwandani inayovuja likizibwa tu huweza kurudisha nguvu zaidi ya zile ambazo mafla mpya ingeongeza.

Kelele nayo ina mipaka yake. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nishati ya sauti mara mbili, na 10 husikika kama sauti kubwa mara mbili. Japani hupima mlio gari likiwa limesimama, kipimo kikiwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba na injini ikizungushwa kwa robo tatu ya mizunguko ya nguvu yake ya juu. Kwa magari mengi ya abiria ya kizazi cha WRX za miaka ya 2000 kikomo ni desibeli 96, na mafla nyingi zilizopita hubeba alama ya JASMA, chama cha watengenezaji wa mafla za michezo wa Japani. Kwa anayenunua mtumba, alama hiyo ni msaada wa bure. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, na trafiki wa nchi zote za eneo hili hawahitaji kipimo kusimamisha gari linalopiga risasi bombani usiku. Milipuko hiyo ya makusudi, inayopangwa kwa kumwaga petroli iungue nje ya silinda, huyeyusha katalitiki na kuchosha turbo. Hakuna nguvu inayopatikana.

Kazi ikikamilika, hupimwa kabla ya kulipwa malipo ya mwisho. Injini ikiwa imewashwa lakini bado baridi, mdomo wa bomba huzibwa kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache na maji ya sabuni hupakwa kwenye flanji. Mapovu huonyesha mvujo. Gari huendeshwa kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kawaida, madirisha yakiwa yamefungwa, kutafuta uvumi. Katika WRX iliyobadilishwa daunpaipu, uwiano wa hewa na petroli pamoja na shinikizo la turbo husomwa kwenye kompyuta hadi mizunguko ya juu, na mguu huondolewa mara shinikizo linapopita lililopangwa. Baada ya bomba kupata moto na kupoa mara kadhaa, boliti zote hukazwa tena, kwa kuwa gasketi mpya hulala kidogo.